Uhusiano wa Kifamilia Nje ya Nchi na Madeni katika Tathmini ya Kibali cha Usalama nchini Marekani: Mtazamo kwa Waombaji wenye Asili ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mambo mawili, yaani kuwa na ndugu walio nje ya Marekani na kuwa na madeni, yanavyoathiri ustahiki wa mtu kupewa kibali cha usalama na serikali ya nchi hiyo. Uchambuzi umejikita katika nyaraka zinazotawala utoaji wa kibali hicho, hususani Miongozo ya Taifa ya Tathmini iliyoanza kutumika Juni 8, 2017, na umeyatazama masharti yake kwa kuzingatia hali ya waombaji wenye asili ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba kinachopimwa si upendo wa mwombaji kwa ndugu zake wala uchache wa fedha zake, bali ni kiasi ambacho mtu mwingine anaweza kuyatumia mambo hayo kumshinikiza. Kwa waombaji wanaotuma fedha nyumbani, mambo hayo mawili hukutana katika tendo moja, na namna tendo hilo linavyoelezwa huweza kuamua hatima ya ombi zima.

1.0 Utangulizi

Kibali cha usalama ni uamuzi wa kiutawala unaothibitisha kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa na taarifa za siri za serikali. Nchini Marekani taarifa hizo zimegawanywa katika madaraja matatu kwa kuzingatia ukubwa wa madhara ambayo taifa lingepata endapo zingevuja: madhara ya kawaida, madhara makubwa, na madhara makubwa mno. Kibali hakihitajiwi na majasusi pekee. Fundi katika kiwanda cha ndege za kivita, mtaalamu wa kompyuta katika kampuni yenye zabuni ya Wizara ya Ulinzi, mkalimani, na askari wa vitengo mbalimbali huweza kutakiwa kuwa nacho. Kwa hiyo, kunyimwa kibali au kunyang'anywa mara nyingi ni sawa na kukosa kazi yenyewe.

Suala hili linawagusa wazungumzaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kiswahili ni miongoni mwa lugha ambazo programu ya ufadhili wa masomo ya Boren, inayogharimiwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya mahitaji ya usalama wa taifa, inawahimiza wanafunzi kujifunza. Wakati huohuo, wapo raia wa Marekani waliozaliwa Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, ambao wamekua na lugha hiyo nyumbani. Kile kilichowapa lugha, yaani familia na malezi, ndicho hichohicho kinachowafanya waulizwe maswali mengi zaidi pindi wanapoomba kazi zinazoihitaji. Kuielewa mantiki ya maswali hayo ndilo lengo la makala hii.

2.0 Usuli wa Kisheria

Mfumo wa sasa una mizizi katika Amri ya Rais namba 10450, iliyotolewa na Rais Dwight Eisenhower mwaka 1953, katika miaka ya hofu kubwa dhidi ya ukomunisti. Katika kipindi hicho uhusiano wa kifamilia ulitumika waziwazi kama ushahidi dhidi ya mtu. Mwanafizikia J. Robert Oppenheimer alinyang'anywa kibali chake mwaka 1954, na miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa katika shauri lake ni uhusiano wa mkewe na wa mdogo wake na chama cha kikomunisti. Uamuzi huo ulifutwa rasmi na Wizara ya Nishati mwezi Desemba 2022, miaka 55 baada ya kifo chake.

Mhandisi William Greene naye alipoteza kazi baada ya kibali chake kufutwa, na baadhi ya tuhuma dhidi yake zilihusu mahusiano aliyoyapata kupitia mke waliyekuwa wameachana. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hapakuwa na idhini ya kisheria ya kumwondoa mtu katika kazi yake kwa njia hiyo bila kumpa nafasi ya kuwahoji wanaomtuhumu. Uamuzi huo ulisababisha kutolewa kwa Amri namba 10865 ya mwaka 1960, ambayo iliwapa wafanyakazi wa kampuni za zabuni haki ya kusikilizwa.

Amri namba 12968 ya mwaka 1995 iliweka masharti ya jumla yanayotumika hadi leo. Kwa kawaida mwombaji lazima awe raia wa Marekani. Kibali hutolewa pale tu ambapo kufanya hivyo kunaafikiana waziwazi na maslahi ya usalama wa taifa, na shaka yoyote inayobaki huamuliwa kwa manufaa ya usalama huo. Kabla ya hapo, katika shauri la mwaka 1988 kati ya Idara ya Jeshi la Majini na Egan, Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kusisitiza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali. Matokeo ya msimamo huu ni kwamba mzigo wa kuiondoa shaka humwangukia mwombaji. Katika kesi ya jinai shaka humwokoa mshtakiwa. Katika tathmini ya kibali shaka humwangusha mwombaji.

Miongozo ya mwaka 2017 ina vipengele 13, vilivyopangwa kuanzia A hadi M. Makala hii inahusika hasa na Kipengele B, kinachohusu ushawishi wa kigeni, na Kipengele F, kinachohusu masuala ya fedha. Kila kipengele kinaeleza kwanza mambo yanayoleta shaka, kisha mambo yanayoweza kuipunguza au kuiondoa. Aidha, watathmini wanatakiwa kumtazama mtu kwa ukamilifu wake: umri wake, mazingira ya tukio, muda uliopita, hiari yake, na uwezekano wa jambo kujirudia.

3.0 Ndugu Walio Nje ya Nchi

3.1 Kinachopimwa

Kipengele B hakisemi kwamba kuwa na mama Mwanza au kaka Bujumbura ni kosa. Kinauliza iwapo uhusiano huo unaongeza hatari ya mwombaji kutumiwa, kushawishiwa, kulaghaiwa au kushurutishwa na serikali, kundi au mtu wa nje. Swali la msingi ni hili: iwapo mtu mwenye nguvu atamfikia ndugu huyo na kumtishia, mwombaji atajikuta akichagua kati ya usalama wa ndugu yake na siri za serikali?

Ili kulijibu, watathmini hutazama pande mbili. Upande wa kwanza ni ndugu mwenyewe: anafanya kazi gani, je, ni mtumishi wa serikali, jeshi au idara ya usalama ya nchi yake, na huwasiliana na mwombaji mara ngapi. Upande wa pili ni nchi anamoishi: uhusiano wake na Marekani, mwenendo wake katika haki za binadamu, kuwapo kwa makundi ya kigaidi au ya waasi, na historia yake ya ujasusi. Nchi rafiki haiondolewi moja kwa moja katika hesabu hii, kwa kuwa marafiki pia huwa na maslahi yanayopingana. Hata hivyo, ndugu anayeishi katika eneo linalotawaliwa na kundi lenye silaha huleta uzito mkubwa zaidi kuliko ndugu anayeishi katika nchi tulivu. Kwa mantiki hiyo, waombaji wawili wanaofanana kwa kila kitu, mmoja akiwa na wazazi Arusha na mwingine akiwa na wazazi mashariki mwa Kongo, wanaweza kupimwa kwa uzito tofauti, ingawa hakuna hata mmoja aliyechagua mahali wazazi wake walipo.

Mambo yanayopunguza shaka ni pamoja na uhusiano kuwa wa nadra na wa juujuu, au mwombaji kuwa na mizizi ya kina na ya muda mrefu nchini Marekani kiasi kwamba anaweza kutarajiwa kuamua kwa manufaa ya nchi hiyo. Kwa mzaliwa wa Afrika Mashariki, hoja ya kwanza kwa kawaida haisaidii. Wapo wachache wanaoweza kusema kwa ukweli kwamba uhusiano wao na mama mzazi ni wa juujuu, na katika maamuzi yaliyochapishwa ya mashauri ya wafanyakazi wa kampuni za zabuni, uhusiano na ndugu wa karibu huchukuliwa kuwa wa mapenzi hadi ithibitishwe vinginevyo. Njia iliyo wazi ni hoja ya pili: ndoa, watoto, nyumba, kazi, utumishi jeshini, shughuli za kijamii na miaka ya maisha nchini Marekani.

3.2 Tatizo la neno «ndugu»

Fomu SF-86, ambayo waombaji huijaza, inaigawa familia kwa namna isiyolingana na mfumo wa ukoo unaobebwa na Kiswahili. Sehemu ya 18 inaorodhesha jamaa wanaotakiwa kutajwa: wazazi, wazazi wa kambo, walezi, watoto, ndugu wa kuzaliwa na wa kambo, na wakwe. Sehemu ya 19 inahusu watu wengine wa nje ambao mwombaji au mwenzi wake amekuwa na mawasiliano ya karibu au ya kuendelea nao katika miaka 7 iliyopita, akiwa amefungamana nao kwa mapenzi, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu.

Kwa Mswahili, neno «ndugu» hubeba kaka, dada, binamu, na hata mtu wa kijiji kimoja. Baba mdogo ni baba, na mama mkubwa aliyemlea mtoto ni mama bila kivumishi. Mwombaji anayeandika binamu zake watatu kama ndugu wa kuzaliwa, kwa sababu ndivyo anavyowaita tangu utotoni, huweza kuonekana mbele ya mpekuzi kama mtu anayebadilisha maelezo yake. Kinyume chake, anayemwacha mama mdogo kwa kuwa hayumo katika orodha ya Sehemu ya 18, ilhali anazungumza naye kwa simu kila Jumapili, anakuwa ameiruka Sehemu ya 19. Katika hali zote mbili hakuna nia ya kudanganya, lakini kumbukumbu zinabaki zikipingana.

4.0 Madeni

Kipengele F kinaanzia katika dhana kwamba mtu aliyezidiwa na madeni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushawishika kufanya jambo haramu ili kupata fedha. Dhana hii haikutoka hewani. John Walker, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati biashara yake ya baa ilipokuwa ikimtia hasara, na alikamatwa mwaka 1985. Aldrich Ames, ofisa wa Shirika la Ujasusi la CIA, aliwafuata Wasovieti mwezi Aprili 1985 akiwa na madeni, na malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Alikamatwa Februari 1994, baada ya miaka ya matumizi yasiyolingana na mshahara wake. Ndiyo maana kipengele hiki hakihusu upungufu wa fedha pekee. Utajiri usioelezeka nao ni sababu ya shaka.

Sehemu ya pili ya mantiki hiyo inahusu tabia. Asiyelipa deni ilhali anao uwezo, au asiyewasilisha hesabu za kodi, huonekana kama mtu asiyeheshimu masharti, na siri za serikali hulindwa kwa masharti. Kwa hiyo fomu inauliza kuhusu kufilisika, kodi zisizowasilishwa, madeni yaliyokabidhiwa kwa mawakala wa ukusanyaji, na madeni yaliyocheleweshwa kwa zaidi ya siku 120 katika miaka 7 iliyopita.

Ni muhimu kutofautisha deni na deni chechefu. Mkopo wa nyumba, wa gari au wa masomo unaolipwa kwa wakati si tatizo. Hata deni chechefu lina utetezi wake. Miongozo inatambua mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, kama vile kupoteza kazi, maradhi ya ghafla, talaka, kifo katika familia au wizi wa utambulisho, mradi mwombaji aonyeshe kwamba alitenda kwa busara hali ilipombana. Inatambua pia ushauri wa kifedha kutoka chombo halali, makubaliano na mamlaka ya kodi, na juhudi za nia njema za kulipa. Mwombaji hatakiwi kuwa amemaliza kila deni siku ya kusikilizwa. Anatakiwa kuwa na mpango unaoeleweka na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba ameanza kuutekeleza. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Watathmini wanaridhika kuona kwamba dawa imeanza kunywewa, na kwamba stakabadhi zipo.

5.0 Pale Ndugu na Deni Vinapokutana

Vitabu vya ushauri hushughulikia vipengele B na F kama milango miwili tofauti. Kwa mhamiaji anayesaidia familia, milango hiyo hufunguka kwenye chumba kimoja. Chukulia mfano wa mwombaji anayetuma dola 400 kila mwezi kwa wazazi wake Kigoma. Fomu inauliza, katika Sehemu ya 20A, iwapo mwombaji amewahi kumpa msaada wa fedha mtu asiye raia wa Marekani. Jibu la kweli ni ndiyo, na jibu hilo linathibitisha kwamba uhusiano wake na wazazi si wa juujuu. Mwaka ambao baba anaugua na kulazwa, mwombaji anatuma dola 6,000 kwa kutumia kadi ya mkopo, kisha anashindwa kulipa kwa miezi mitano. Ugonjwa wa mtu mmoja sasa umeingia katika vipengele viwili.

Katika utamaduni wake, mtu huyo ametenda lililo wajibu. Angelaumiwa kama asingetuma. Katika macho ya mtathmini, tukio hilohilo linaonyesha kwamba hali ya ndugu aliye nje inaweza kumfanya mwombaji avuke mipaka ya uwezo wake. Hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa kukana mapenzi. Inajibiwa kwa kuonyesha mpaka: kwamba dharura ilikuwa ya mara moja, kwamba mkopeshaji alitaarifiwa, kwamba marejesho yanaendelea, na kwamba msaada wa kila mwezi ni sehemu ndogo ya kipato kilichopangiwa bajeti.

Yapo mambo mengine ya maisha ya pamoja yanayohitaji maelezo ya namna hiyo. Upatu, unaojulikana Kenya kama chama, humwingizia mtu kiasi kikubwa kwa siku moja bila mkataba wala risiti. Michango ya misiba na harusi hupitia katika akaunti ya mweka hazina ambaye si mmiliki wa fedha hizo. Shamba la ukoo huandikwa jina la mtoto aliye Marekani kwa sababu ndiye aliyelipia upimaji, ilhali mali iliyo nje ya nchi inatakiwa kutajwa katika fomu. Kila moja ya desturi hizi ni halali, lakini mpekuzi asiyezifahamu huona fedha zisizoelezeka au maslahi yasiyotajwa. Daftari la upatu, orodha ya michango na nakala ya hati ya shamba vinaweza kufanya kazi ambayo maelezo ya mdomo hayawezi.

6.0 Uficho kama Hatari Kubwa Zaidi

Kishawishi cha waombaji wengi ni kupunguza maelezo: kutomtaja mjomba aliye jeshini, au deni dogo lililosahaulika. Kwa mujibu wa mantiki iliyokwisha kuelezwa, hilo ndilo kosa lenye gharama kubwa zaidi. Ndugu na deni vikitajwa vina orodha ya mambo yanayopunguza uzito wake. Vikifichwa, shauri huhamia Kipengele E, kinachohusu mwenendo binafsi, ambako swali linakuwa ukweli wa mwombaji. Zaidi ya hayo, kutoa kwa makusudi maelezo ya uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai linaloweza kumfikisha mtu gerezani hadi miaka 5. Siri yenyewe hugeuka kuwa chombo cha shinikizo, kwa kuwa anayeijua anaweza kutishia kuifichua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nafasi ya kuficha nayo imepungua. Zamani wenye vibali vya daraja la juu walichunguzwa upya kila baada ya miaka 5, na wa daraja la kati kila baada ya miaka 10. Utaratibu wa sasa ni wa ufuatiliaji endelevu, unaopitia kumbukumbu za mikopo, mahakama na safari kwa njia ya mifumo ya kompyuta. Mwenye kibali anatakiwa pia kutoa taarifa mwenyewe anapofilisika au anapoanzisha uhusiano wa karibu na mtu wa nje.

7.0 Upungufu wa Utaratibu

Utaratibu huu una kinga zake. Anayenyimwa kibali hupewa maelezo ya maandishi, ana haki ya kujibu, kuwa na wakili kwa gharama yake, na kukata rufaa. Pamoja na hayo, upungufu mwingine uko katika vipimo vyenyewe. Ana Montes, mchambuzi wa shirika la ujasusi la Wizara ya Ulinzi aliyekamatwa Septemba 2001, aliwapelekea Wakuba siri kwa miaka mingi kwa msukumo wa imani yake ya kisiasa, bila kushinikizwa na deni. Vipimo vya ndugu na deni haviwezi kumnasa mtu wa namna hiyo, lakini vinaweza kumchelewesha au kumwangusha mkalimani mwaminifu ambaye wazazi wake wanaishi katika eneo la vita.

Upungufu mwingine uko upande wa serikali. Mwaka 2015 ilibainika kwamba kumbukumbu za upekuzi za watu wapatao milioni 21.5 zilikuwa zimeibwa kutoka katika ofisi inayosimamia watumishi wa umma. Ndani yake yalikuwamo majina ya ndugu walio nje na maelezo ya madeni. Orodha iliyokusanywa ili kuziba mianya ya shinikizo iliweza, baada ya kuibwa, kuwa ramani ya mianya hiyo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba vipengele vya ushawishi wa kigeni na vya fedha vinaunganishwa na swali moja: ni nani anayeweza kumshinikiza mwombaji, na kwa kutumia nini. Kwa mwombaji mwenye asili ya Afrika Mashariki, jibu la kujitenga na ukoo halihitajiki wala haliaminiki. Linalohitajika ni kuutaja ukoo huo kwa majina na daraja zake sahihi, kuonyesha kiasi kinachotumwa na kinatoka wapi, na kushughulikia madeni kabla hayajaulizwa. Upande wa serikali, wapekuzi wanaofahamu maana ya ndugu, upatu na michango wangeweza kutofautisha mapema zaidi kati ya wajibu wa kifamilia na hatari ya kweli. Bila ufahamu huo, nchi inayoihimiza lugha ya Kiswahili itaendelea kuwashuku kwanza wale walioipata kutoka kwa mama zao.